Kiselema Chalima: Juano Hernández na Hadhi ya Mhusika Msaidizi

Wahenga walituonya tusidharau kiselema, kwa kuwa chalima kikapita jembe zima. Sisi wanafunzi wa fasihi tumeikariri methali hii tangu shule ya msingi, lakini tunapokaa kuhakiki riwaya au tamthilia, hatuitumii. Tunamtafuta kwanza mhusika mkuu na kumwandikia kurasa tatu, kisha wahusika wasaidizi tunawagawia aya moja moja: sifa zake ni hizi, umuhimu wake ni huu. Chini ya umuhimu, aghalabu tunaandika kwamba “anajenga sifa za mhusika mkuu”, tukasonga mbele. Wangapi wetu wamemwandikia Matuko Weye wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora, zaidi ya sentensi mbili? Ilhali askari huyo wa zamani, anayeitwa mwendawazimu, ndiye anayethubutu kutamka hadharani yale ambayo wenye akili timamu wanayanong’ona.

Makala haya yananuia kumtetea mhusika wa aina hiyo. Shahidi wangu hatoki katika vitabu tunavyosomeshwa. Ni mwigizaji wa filamu wa Marekani aitwaye Juano Hernández, aliyepata umaarufu katika miaka ya 1949 na 1950, na ambaye karibu maisha yake yote aliigiza wahusika wasaidizi. Huenda msomaji akauliza: ya Hollywood yatuhusu nini sisi watu wa Kiswahili? Namwomba avute subira. Mwaka 1957 mtu huyu aliigiza Mkenya, tena Mkenya wa aina ambayo ukoo wetu unaijua kwa karibu.

Hernández alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwishoni mwa karne ya 19. Baba yake alikuwa baharia wa kisiwa hicho na mama yake Mbrazili. Sehemu ya utoto wake ilipita Rio de Janeiro, ambako alicheza sarakasi barabarani ili apate chakula. Baadaye aliingia katika ngoma za sarakasi za kulipwa, akapigana ndondi katika visiwa vya Karibea kwa jina la Kid Curley, kisha akafika New York. Shule hakuisoma kwa utaratibu tunaoujua. Kusoma na kuandika alijifundisha mwenyewe. Alipotaka kuigiza redioni, alitambua kwamba lafudhi yake ingemfungia mlango, akachukua tamthilia za Shakespeare na kujizoeza kuzitamka mpaka ulimi ukalainika. Jambo hili linanigusa. Mimi pia lugha ninayoisomea shahada ya uzamili sikuinyonya kwa mama. Nimeipata darasani na vitabuni, na nimewahi kuchekwa kwa lafudhi yangu ya bara mbele ya wenyeji wa pwani. Najua kazi iliyomo katika kuifanya lugha ya wengine iwe yako.

Mwaka 1927 alikuwamo katika kundi la waimbaji wa mchezo wa Show Boat jijini New York. Katika miaka ya 1930 alionekana katika filamu za Oscar Micheaux, mtayarishaji mweusi aliyetengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi, filamu ambazo Hollywood haikuzijali. Redioni alikuwa John Henry, jitu la hadithi za watu weusi wa Marekani, na katika mchezo wa Mandrake the Magician alikuwa Lothar, mtumishi wa mwanamazingaombwe. Hata aliporuhusiwa kusikika, basi, mara nyingi alisikika akiwa mtumishi. Naomba tulikumbuke hilo, maana ndipo thamani ya aliyoyafanya baadaye inapoonekana.

Mwaka 1949 mwelekezi Clarence Brown alitengeneza filamu ya Intruder in the Dust kutokana na riwaya ya William Faulkner, akaipiga picha Oxford, Mississippi, mji wa Faulkner mwenyewe. Hernández aliigiza Lucas Beauchamp, mkulima mweusi mwenye shamba lake, anayesingiziwa kumuua Mzungu kwa kumpiga risasi mgongoni. Wazungu wanakusanyika mjini wakisubiri kumtoa jela na kumuua bila hukumu. Hadithi nzima inamzunguka Lucas, lakini jina la Hernández liliwekwa nyuma ya majina ya waigizaji Wazungu. Huko Mississippi, sheria na mila za ubaguzi zilimzuia kulala pamoja na wenzake, akapewa malazi kwa familia ya watu weusi. Aliyebeba filamu mabegani hakuwa na kitanda katika hoteli ya wenziwe.

Angalia basi alivyoibeba. Mwanzoni mwa kisa, kijana wa Kizungu anayeitwa Chick anatumbukia katika kijito chenye maji ya baridi kali. Lucas anamchukua nyumbani kwake, anamkausha na kumlisha. Kijana anaona haya kupokea wema wa mtu mweusi, anatoa sarafu ili alipe. Lucas hazigusi. Sarafu zinaanguka sakafuni, na Lucas anaamuru ziokotwe zirudishwe kwa mwenyewe. Mwishoni, mambo yakiwa yamegeuka na Lucas ameokoka, anakwenda kwa wakili aliyemtetea ili amlipe ujira wake. Anahesabu sarafu moja moja juu ya meza, kisha haondoki. Wakili anamwuliza anasubiri nini. Lucas anasubiri stakabadhi.

Katika matukio hayo mawili Hernández hapandishi sauti wala hatoi hotuba juu ya haki za binadamu. Anasimama tu, mgongo umenyooka, macho hayakwepi. Mwandishi Ralph Ellison, alipozichambua filamu nne za mwaka huo zilizohusu watu weusi, aliona kwamba hii pekee ndiyo ingeweza kuonyeshwa Harlem bila kuwachekesha watazamaji pasipokusudiwa. Tukumbuke kwamba katika mbili za filamu hizo, Pinky na Lost Boundaries, wahusika wakuu wenye asili ya watu weusi waliigizwa na Wazungu. Hernández aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe katika kitengo cha nyota wapya. “Mpya” huyo alikuwa mtu wa makamo, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1950 ulimletea nafasi tatu kubwa. Katika Young Man with a Horn alikuwa Art Hazzard, mpiga tarumbeta anayemfundisha kijana wa Kizungu ufundi wake wote. Katika Stars in My Crown alikuwa Mzee Famous Prill, anayetishiwa kuuawa kwa sababu tajiri wa mjini anakitamani kishamba chake chenye madini. Katika The Breaking Point ya Michael Curtiz alikuwa Wesley Park, rafiki na mshirika wa nahodha wa mashua aliyeigizwa na John Garfield. Wesley anauawa na wahalifu na mwili wake kutupwa baharini. Mashua inaporudi, watu wote gatini wanamzunguka nahodha aliyejeruhiwa. Wanamlilia, wanambeba, wanaondoka. Picha ya mwisho inabaki kwa mvulana mdogo, mwana wa Wesley, amesimama peke yake gatini akimtafuta baba yake, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mvulana huyo aliigizwa na mwana wa kumzaa wa Hernández. Sijasoma uhakiki unaoeleza hatima ya mhusika msaidizi vizuri kuliko picha hiyo: hadithi huondoka na mhusika mkuu, lakini gatini kuna mtoto anayesubiri.

Sasa tuje Kenya. Mnamo 1957 studio ya MGM ilitoa Something of Value, filamu iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark kuhusu vita vya Mau Mau, na sehemu yake ilipigwa picha humu nchini. Tukumbuke wakati wenyewe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Mei, miezi mitatu tu baada ya kifo hicho, wakati maelfu ya watu wetu wangali kizuizini. Rock Hudson aliigiza Peter, mwana wa mlowezi. Sidney Poitier aliigiza Kimani, aliyekua pamoja na Peter kama ndugu. Juano Hernández aliigiza Njogu, mzee wa kuapisha. Jina lenyewe kwa Kikuyu ni ndovu.

Njogu wa filamu ameandikwa ili aogopwe. Yeye ndiye mwenye kiapo, na kiapo kimepigwa picha kama jambo la giza na damu. Anapokamatwa anateswa, hasemi. Hatimaye anavunjika usiku wa mvua ya radi, pale mlowezi mzee anapoitumia imani yake kwa Ngai ili kumfanya atoboe siri. Hapo ndipo Hernández anapofanya ambacho maandishi hayakumwomba. Uso wake si uso wa mshirikina anayetishwa na ngurumo. Ni uso wa mcha Mungu anayejiuliza kama amemkosea Mungu wake. Maneno ni yale yale aliyoandikiwa, lakini mtu anayeyatamka ni mwingine.

Babu yangu mzaa baba alikula kiapo. Alikaa kizuizini miaka minne, na niliyemjua mimi alikuwa mzee asiyependa kufungiwa mlango chumbani. Ndiyo sababu sikuweza kuitazama filamu hiyo kama mhakiki tu. Niliitazama likizoni na nyanya yangu, katika tarakilishi yangu, nikimfasiria sehemu aliyohitaji. Kwa kuwa nina jina la babu, nyanya huniita mume wangu, kama ilivyo desturi yetu. Alitazama kimya mpaka Njogu alipovunjika. Kisha akasema, “Mume wangu, mzee huyu ni mtu mzima kweli. Lakini mbona hawajatuonyesha shamba lake?”

Swali hilo limenifikirisha kuliko vitabu vingi vya nadharia. Lucas Beauchamp ana shamba. Famous Prill ana shamba, na hadithi yake yote ni juu ya kunyang’anywa. Watazamaji wa Marekani waliwaheshimu wazee hao wawili kwa kuwa waliona wanachokitetea. Njogu hakupewa hata hatua moja ya ardhi ya kusimamia, tena katika hadithi ya vita vilivyopiganiwa ardhi. Filamu inayagusia malalamiko hayo, lakini uzito imeuweka katika kiapo, katika kofi ambalo Kimani anapigwa na mkwe wa nyumba ya walowezi, na katika urafiki uliovunjika wa vijana wawili. Mwigizaji alimpa Njogu hadhi. Shamba hakuweza kumpa, kwa kuwa kalamu haikuwa mkononi mwake.

Wapo watakaosema kwamba Hernández hakupaswa kuikubali nafasi ile. Hoja hiyo ina nguvu, wala siibezi. Ngũgĩ wa Thiong’o na Micere Githae Mugo waliandika tamthilia yao ya mwaka 1976, iliyotufikia kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, ili kuyajibu maandishi ya aina ya riwaya ya Ruark. Jibu kamili lilikuwa lazima litoke kwetu. Hata hivyo, nikiwaza juu ya mtazamaji wa mwaka 1957 ambaye hakuwa na kingine cha kutazama, nashukuru kwamba uso aliouona ulikuwa wa Juano Hernández, si wa mtu ambaye angemfanya Njogu kikaragosi.

Hernández aliendelea na kazi. Katika Trial ya mwaka 1955 alikuwa ameigiza hakimu mweusi, jambo lililokuwa nadra katika filamu za wakati ule. Katika The Pawnbroker ya mwaka 1964 alikuwa Bwana Smith, mzee mpweke anayekwenda dukani kuweka vitu rehani ili tu apate mtu wa kuzungumza naye juu ya falsafa. Nafasi ni fupi mno, na upweke wake haumtoki mtazamaji. Chuo Kikuu cha Puerto Rico kilimtunuku shahada ya heshima, yeye ambaye shule haikumlea. Miaka yake ya mwisho alirudi kisiwani, akitaka kutengeneza filamu juu ya bondia Sixto Escobar, lakini fedha hazikupatikana. Alifariki San Juan Julai 1970. Mwigizaji wa hadithi za wengine alitamani hatimaye kusimulia moja ya kwao, akaondoka bila kuisimulia.

Ndugu wanachama, ombi langu ni dogo. Tunapomfikia mhusika msaidizi, tusiishie kwenye sifa na umuhimu. Tuulize mwandishi amempa nini cha kusimamia, na amemnyima nini. Tuulize ni nani anayebaki gatini hadithi inapoondoka. Katika tasnifu ninayoiandaa nimeanza kuwahesabu wazee wa kuapisha, wapishi wa msituni na kina mama wapeleka chakula waliomo katika tamthilia na riwaya zetu za Kiswahili juu ya Mau Mau, nikiandika mbele ya kila mmoja kama ametajiwa shamba lake. Orodha ingali fupi, na safu ya mashamba ina nafasi nyingi zilizo wazi.