Vitimbi na Kicheko cha Darasani

Vichekesho vya Vitimbi, vilivyorushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya, vilipendwa na wengi Afrika Mashariki. Sisi wa Karambi, jirani na mpaka wa Mpondwe, tulivitazama zamani bila kuvifurahia. Mzee Ojwang' alipofungua kinywa, watu walikwisha kucheka kabla hajamaliza sentensi. Kiswahili chetu, tulichokiokota sokoni miongoni mwa wafanyabiashara wa Kongo, nacho hakikuwa sanifu. Hivyo kila kicheko tulikihesabu kuwa chetu.

Hivi karibuni tumevitazama tena, safari hii kwa masikio ya walimu wa sarufi. Hatukucheka zaidi ya zamani, ila tulisikia jambo jipya. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' na kufariki mwezi wa Julai 2015, hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Lafudhi ile ya Kijaluo haikuwa yake, alijifunza. Angewezaje kujifunza kitu kisicho na utaratibu? Kijaluo hakina sauti /sh/. Kwa hiyo Mjaluo anayeanza Kiswahili huelekea kusema *samba* badala ya *shamba*, na *sida* badala ya *shida*. Hakosei ovyo. Kosa linaloweza kuigizwa ni kosa lenye kanuni.

Tuyatazame sasa ya kwetu. Mtoto wa Karambi husema:

*Katoto kanalia. Tutoto tunalia.*

Kiswahili sanifu hutaka:

*Kitoto kinalia. Vitoto vinalia.*

Mwalimu mwenye haraka atatia alama ya kosa na darasa litaangua kicheko. Lakini Lhukonzo hudunisha nomino kwa viambishi *aka-* na *otu-*, na Kiswahili cha Kongo, ng'ambo ya mpaka, nacho hutumia *ka-* na *tu-*. Isitoshe, mtoto huyu amepatanisha kitenzi na nomino barabara, katika umoja na katika wingi. Upatanisho wa kisarufi, ambao ndio uti wa mgongo wa Kiswahili, anao tayari. Alichokosa ni ngeli ya KI-VI peke yake.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watakaoingia madarasani humo watakuja na lugha za mama zao vinywani. Anayechekwa leo kwa sababu ya *katoto* kesho hatanyosha mkono, na asiyesema hasahihishwi.

Msanii alisikiliza lafudhi ya jirani hata akaijua kanuni yake, kisha akaitumia kuchekesha. Mwalimu hana budi kusikiliza kwa makini yayo hayo. Kisha aitumie kanuni hiyo kufundishia.