Anwani Ipo, Lakini Nani Anaishi Pale?



Juma hili nimekaa na kijana wa ushirika wetu anayemtengenezea mama mmoja mjane mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21, kwa joto la karibu nyuzi 37.5. Joto likikosea, mtaji wa mama umekwenda.

Ubongo wa mashine hiyo ni chipu ya ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno. Ndugu yangu, RAM yake yote ni baiti 2,048 tu! Ni kama chumba kimoja cha kupanga: kitanda cha pili hakiingii.

Sasa, katika lugha ya C kuna strakti, yaani fungu la data linalokaa pamoja. Tuseme lina vipimo 12 vya joto, kila kimoja baiti 4. Hizo ni baiti 48. Ukiipa funksheni strakti nzima, chipu inanakili zote 48. Ukiipa pointa, unapeleka anwani peke yake: baiti 2. Huhamishi nyumba, unamwelekeza mgeni mlangoni. Alama ya & inauliza, "Unakaa wapi?" Mshale wa -> unafika pale na kuchukua kipimo unachotaka.

Lakini sikia hapa. Strakti iliyozaliwa ndani ya funksheni hukaa kwenye staki kama mpangaji. Funksheni ikiisha, mpangaji amehama. Kama uliiweka anwani yake, pointa bado inaelekeza palepale, na funksheni nyingine imeshaingia na vyombo vyake. Unadhani unasoma joto, kumbe unasoma vyombo vya mwingine. Na chipu hii haina askari wa kulinda memori. Hailii, haisimami. Inawasha na kuzima balbu kwa kufuata uongo.

Ndilo tuliloliona kwenye majaribio, kabla hata yai moja halijaingia. Dawa ilikuwa rahisi: strakti ikatangazwa nje ya funksheni, mahali itakapoishi muda wote mashine ikiwaka, kisha kila funksheni inayoihitaji ikapewa pointa.

Mpendwa, wewe unayejifunza kazi hii, kabla ya kufuata pointa jiulize: mwenye anwani hii bado yuko? Kuna mama anayelala akiiamini ile namba kwenye skrini.