Siku Tuliyompeleka Mama Bagamoyo

Sisi akina mama tuna ahadi nyingi. Tunawaahidi watoto viatu vipya, tunawaahidi majirani kwamba tutawatembelea, tunawaahidi wakwe zetu kuwapeleka mahali fulani. Nyingi tunazitimiza. Nyingine tunaziahirisha mpaka zinachoka zenyewe. Hii ni habari ya ahadi moja ambayo nusura ichoke.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Dar es Salaam kutoka Tabora baada ya baba mkwe kufariki. Wiki ya kwanza tu aliniuliza, "Mwanangu, Bagamoyo ni mbali?" Nikamwambia ni karibu, kilometa 70 hivi. Akanieleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyamwezi hadi pwani, na aliporudi alikuja na chumvi, nguo, na hadithi za maji yasiyo na ng'ambo. Mama alitaka kuona mahali babu yake alipokuwa akitua mzigo. Nikamjibu, "Mwezi ujao, Mama, tutakwenda."

Mwezi ujao huo ulichukua miaka mitatu. Kwanza ilikuwa ada, kisha mabati ya jikoni, kisha kitinda mimba akaugua. Mama hakunikumbusha hata mara moja. Asubuhi moja nikamkuta anachambua mchele, naye anaacha mawe mengi kuliko anayotoa. Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingesaidia kulinda nuru iliyobaki, lakini iliyokwisha kupotea hairudi. Tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nilijifuta machozi kwa pembe ya kanga. Mama alisema anataka kuona Bagamoyo. Hakusema anataka kusimuliwa.

Usiku ule nilizungumza na baba watoto. Mama haijui tarehe yake ya kuzaliwa, anajua tu kwamba ulikuwa wakati wa mavuno. Tukakubaliana kwamba Jumamosi inayofuata ndiyo iwe sikukuu yake ya kuzaliwa. Binti yetu mkubwa akapika pilau toka alfajiri, mimi nikakaanga maandazi. Tukabeba chupa ya chai, mkeka, maji ya kunywa na dawa ya macho ya Mama, tukapanda basi dogo.

Tulipita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Mama alikaa dirishani, akiuliza kila tulipopita. Baba watoto alimtajia majina, na watoto wakashindana kumwelezea walichoona.

Tulianzia misheni ya Wakatoliki, ambayo mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili, kivuli kizuri kabisa kwa mtu mzima asiyetaka haraka. Hapo zamani palikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Jumba la makumbusho limo katika nyumba ya zamani ya masista. Ndani mna picha za siku zile, vyombo vya kale, na minyororo ya watumwa.

Mbele ya minyororo ile watoto wangu, ambao hawajui kunyamaza, walinyamaza. Mama alisogeza uso karibu mno, akageuza kichwa upande, akaangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Babu alibeba kwa ujira. Hawa walibeba na wenyewe ni mzigo." Ndipo nilipoelewa kwa nini jina la mji huu lina maelezo mawili. Wapo wasemao kwamba wapagazi walifika hapa wakabwaga moyo kwa raha, kwa kuwa safari imekwisha. Wapo wasemao kwamba mateka waliiacha mioyo yao hapa, kwa sababu mbele yao palikuwa na bahari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kabla ya hapo watu wengi walipitishwa katika ufuko huu.

Nje upo mbuyu mkubwa. Tuliambiwa kwamba zamani mwanamke mmoja Mzungu alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, akausahau, na mti ukakua ukaumeza. Mama akaupapasa mbuyu mpaka vidole vikagusa chuma. "Hata mti haukulitapika," akasema.

Kisha tukaenda kwenye mnara wa kanisa la zamani. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake, wakiwemo Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi kama tisa mpaka hapa. Mama alipotambua kwamba walipitia Unyanyembe, karibu kabisa na kwao, alisimama wima kama aliyeitwa jina.

Hapo nikamsimulia habari niliyowahi kuisoma. Katika msafara ule alikuwemo mwanamke aitwaye Halima, mpishi wa Livingstone. Mzee yule alimsifu sana katika daftari zake, akaandika kwamba wakifika Unguja atamwacha huru, na atamnunulia nyumba na bustani.

"Na nyumba aliipata?" Mama akauliza haraka.

Nikamwambia kwamba aliyeahidi alifia njiani, kabla ya Unguja.

Mama akatikisa kichwa. "Kumbe hata ahadi ya mtu mwema hufia njiani."

Maneno hayo hayakulengwa kwangu, lakini yalinipata. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa hai na mzima, na bado nilikuchelewesha miaka mitatu. Ningekuleta ukiwa unaona vizuri."

Alinyamaza kidogo. Hakuniambia kwamba si neno. Alisema, "Iliniuma, mwanangu. Nilidhani umeona mimi ni mzigo. Lakini yangu imefika." Kisha akaniuliza pilau litaliwa saa ngapi, maana watoto wana njaa. Tukacheka wote wawili, huku tunalia.

Mchana tuliteremka ufukoni. Wavuvi walikuwa wanashusha samaki, akina mama wanakaanga, majahazi yamelala pembeni. Tulitandika mkeka kivulini, tukala. Hapakuwa na keki wala mishumaa. Watoto walimwimbia Bibi, kila mmoja akamlisha kijiko kimoja cha pilau, na baba watoto akamfunga kanga mpya. Baadaye Mama akaniomba nimsindikize majini. Akavua ndara, akasimama maji yakimfika vifundoni, anatazama mbele. Nilimuuliza anaona nini. "Mwanga mwingi," akajibu, "na hakuna ng'ambo. Babu hakudanganya."

Jioni, kabla ya kupanda basi, tulipita mtaa wa Mji Mkongwe tukatazama milango ya nakshi, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Binti yetu akamsomea Bibi yake kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891. Mama alikuwa amechoka, anaitikia tu.

Mwenzangu unayesoma, safari hii haikuhitaji hoteli wala fedha nyingi. Ilihitaji nauli, viingilio, chakula kutoka nyumbani, na kutaja siku. Usiseme "mwezi ujao". Sema Jumamosi gani. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, mchukulie mzee kofia na mahali pa kukaa, wala usitake kumaliza kila kitu kwa siku moja.

La pili ni hili. Presha ya macho huiba nuru polepole bila maumivu, na hutembea katika ukoo. Baba watoto amekwisha kupimwa, na tumepanga kwamba apimwe mara kwa mara. Ukimwona mzee wako anajigonga mlangoni au anaacha mawe kwenye mchele, usiseme ni uzee tu. Mpeleke apimwe mapema.

Mama bado tunaye. Siku hizi watoto ndio wanaochambua mchele, naye anawasimulia Bagamoyo. Anaisimulia kama mtu aliyeiona.