Almasi Iliyogoma

Tangu nimalize kidato cha nne nina kazi mbili. Mchana nasaga kingo za vioo katika karakana ya uchochoroni hapa Dar es Salaam. Usiku naandika riwaya. Ya mchana inanilisha. Ya usiku inaninyima usingizi.

Siku moja mwalimu mstaafu wa fizikia alituletea kioo cha mviringo, upana milimita 150, unene 25. Anajitengenezea darubini ya kutazamia nyota. Alitaka ncha kali ya ukingo ipunguzwe, maana ukingo mkali humeguka, na kipande kimoja tu kikiingia kwenye unga wa kusagia, kinakwaruza uso mzima.

Basi nikakishika. Mwanzoni gurudumu la almasi lilikula vizuri, maji yakitoka meupe kama tui. Baadaye likaanza kutoa mlio mwembamba, maji yakatoka safi. Mimi nikaona dawa ni nguvu. Nikakandamiza. Kioo kikapata moto, kikalia ta! Ufa ukapita katikati.

Mwalimu hakunigombeza. Aliokota vipande, akasema nyumbani anacho kingine, cha mwisho. Bora angenitukana.

Fundi wetu mkubwa akazima mashine, akapitisha kidole changu kwenye uso wa gurudumu. Laini, linang'aa kama sufuria mpya.

"Unaona, mdogo wangu? Almasi hazijaisha. Zimezama."

Akanieleza. Chembe za almasi zimeshikwa ndani ya metali laini. Zinazokata ni zile zilizotokeza. Zikichakaa, metali inapaswa kulika kidogo ili nyingine zitokeze. Isipolika, unasugua kioo kwa metali tupu, na joto linapanda. Ukizidi kukandamiza, kinachopasuka ni kioo.

Akaliwasha tena. Akachukua jiwe jeupe la kunolea, akalilowesha, akaligusisha kwenye gurudumu mara tatu nne. Akafungulia maji zaidi. "Haya, shika. Mkono mwepesi."

Mwalimu alipoleta kioo cha pili, nilikuwa nasikiliza kuliko kutazama. Mlio ukibadilika tu, naacha, nanoa. Kilitoka salama. Sasa anakichimba bonde kwa mkono, kwa unga wa silikoni kabaidi: kina cha milimita moja na ushei tu katikati, lakini ni kazi ya siku nyingi.

Usiku ule nikafungua sura ya tatu ya riwaya yangu, iliyogoma kitambo. Yaani kila usiku nilikuwa naikandamiza! Nikasoma kwa sauti: maneno yanang'aa, hayakati. Asubuhi nikampa dada yangu, ambaye hana huruma kabisa na maandishi yangu. Akafuta kurasa tano.

Iliniuma, sikatai. Lakini jioni yake niliandika ukurasa mmoja, na huo sijaufuta mpaka leo.