Kopo la poda na chupa ya uji

Kijana wangu, miaka 14, alitaka kupanda kwa miguu na wenzake kutoka bondeni Korogwe hadi Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara. Akaomba poda ya protini aliyoiona kwenye simu. Kopo moja lilizidi bei ya unga wetu wa mwezi. Nikakopa, nikanunua. Niliona haya kumwambia sina.

Siku ya safari alikoroga poda, akanywa, akaondoka bila kula. Kabla ya nusu ya mlima alianza kutetemeka, akakaa chini. Mwenzake akampa uji wa kwenye chupa na kiazi kitamu. Baada ya muda akainuka, wakafika.

Mama mkwe aliposikia alisema tu, "Mwanangu, mlima haupandwi na tumbo tupu."

Kumbe nguvu ya kupandia hutoka zaidi kwenye wanga. Protini hutengeneza misuli. Tena protini tunayo nyumbani: gramu 100 za soya kavu zina gramu 36 hivi, karanga 25.

Sasa nasaga mahindi, soya na karanga. Soya naikaanga vizuri kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia mwili kutumia protini yake. Karanga zenye ukungu natupa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Deni la kopo nimelimaliza. Siku hizi nikiwa sina, namwambia sina. Hajanidharau.