Mugango: sato wa kukaanga na bia isiyo na kilevi

Jioni ya Mugango, mkoani Mara, ni ya samaki. Upepo unatoka Ziwa Victoria, sato kakaangwa, ugali uko mezani. Wengi hutamani bia. Lakini mzazi mwenye safari ya kurudi Musoma na watoto anahitaji kichwa kizima.

Hapo bia isiyo na kilevi ina nafasi yake. Hupikwa kwa shayiri na maua ya hopsi kama bia nyingine, kisha kilevi huondolewa au uchachu huzuiwa mapema. Ikiwa baridi ina povu, harufu ya nafaka na uchungu kidogo unaosafisha mafuta mdomoni. Soda haifanyi hivyo. Usiiache ipate moto, utamu wake utazidi. Usipoipata dukani, ibebe kutoka mjini.

Soma lebo: nyingine ni 0.0%, nyingine hufika 0.5%. Watoto usiwape, inazoesha ulimi ladha ya bia. Wao wanywe togwa ya siku hiyohiyo, maana ikikaa muda mrefu nayo huchachuka na huweza kuwa na kilevi. Mtafika nyumbani salama, mkisimulia sato.