Ndaye Mulamba: mfungaji aliyeliliwa angali hai

Ndugu msikilizaji wa Manika na Dilala, na wewe ambaye ulihamishwa mtaani kwako: kila mara Kombe la Mataifa ya Afrika linapoanza, kuna jina moja ambalo hurudi kwenye redio. Ni jina la Ndaye Mulamba. Mabao 9 katika shindano moja, mwaka 1974. Samuel Eto'o alikuja, Didier Drogba alikuja, wakaacha mpira, na hakuna aliyefikia hesabu hiyo. Wazee wa hapa wanamjua. Vijana wengi wanajua hesabu tu, mtu mwenyewe hawamjui.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga, ule ambao gari la moshi la kutoka Katanga linaupitia likienda Ilebo. Mpira aliuanza Kasai, kisha akaenda Kinshasa kuchezea AS Vita Club. Mwaka 1973 Vita ilipigwa mabao 4 kwa 2 na Asante Kotoko huko Ghana. Kinshasa ikalipa 3 kwa 0 na kuchukua kombe la klabu bingwa za Afrika. Mashabiki walimwita Mutumbula. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa neno hilo. Batumbula ni wale watekaji wa usiku ambao wazazi waliwatishia watoto nao ili warudi nyumbani mapema.

Machi 1974, Misri. Timu ya Zaire ilikuwa imejaa watoto wa TP Mazembe ya Lubumbashi: kipa Kazadi Mwamba, beki Mwepu Ilunga, na Bwanga Tshimen aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Katika nusu fainali, mbele ya Wamisri wenyewe mjini Cairo, Zaire ilikuwa nyuma kwa mabao 2. Ndaye akafunga mawili, na Zaire ikashinda 3 kwa 2. Fainali ilikuwa na Zambia, jirani wa hapa mpakani. Ndaye alifunga mawili, lakini Wazambia walisawazisha dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Siku hizo hapakupigwa penalti. Mechi ilirudiwa baada ya siku mbili. Ndaye akafunga mengine mawili, ikaisha 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali zile mbili yalikuwa yake.

Miezi mitatu baadaye Zaire ilikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Walipigwa na Scotland 2 kwa 0. Pesa walizoahidiwa hazikuonekana, na wachezaji nusura wakatae kushuka uwanjani kucheza na Yugoslavia. Walicheza, wakafungwa 9 kwa 0. Katika mechi hiyo mwamuzi alipigwa teke kwa nyuma. Aliyepiga ni Mwepu, naye alisema wazi kwamba ni yeye. Mwamuzi hakusikiliza, akamtoa Ndaye dakika ya 22. Hivyo ndivyo Kombe la Dunia lilivyoisha kwa mfungaji bora wa Afrika: kwa kosa la mwingine.

Aliendelea na Vita hadi miaka ya 1980, kisha akaacha. Mwaka 1994, miaka 20 baada ya Misri, wakubwa wa mpira wa Afrika walimwita Tunisia wakampa heshima. Aliporudi nyumbani, wenye silaha walimvamia, wakidhani amerudi na pesa nyingi. Walimpiga risasi mguuni. Katika miaka hiyo alimpoteza pia mtoto wake mkubwa. Mwaka 1996 vita ilipoingia, akakimbilia Afrika Kusini, Johannesburg kwanza na baadaye Cape Town. Huko alikuwa mkimbizi kama wakimbizi wengine. Kazi hakuna, pombe ikamwingia.

Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa kule Burkina Faso, habari zilifika kwamba Ndaye amekufa katika mgodi wa almasi Angola. Uwanja mzima ulisimama dakika moja kimya. Na yeye alikuwa Cape Town, hai, anatafuta chakula cha siku.

Hapo ndipo maisha yake yanapokutana na Kolwezi. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipolala kwenye gare zikingojea gari la moshi la kuwatoa mji ambao wengine walizaliwa humo. Watu wa Kasulo wanakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kwa sababu chini yake kuna kobalti. Anayehama hubeba godoro, sufuria na watoto. Jina lake linabaki mtaani alikotoka. Kule anakofika, mwalimu wa miaka 30 ni mzee fulani tu, na fundi wa Gécamines ni mpangaji ambaye hajalipa.

Ndaye alitoka katika shimo lile polepole. Alioa Cape Town, akaacha kujificha, akafundisha vijana mpira. Mwaka 2010 filamu ilitengenezwa juu ya maisha yake. Alikufa Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70, akitembea kwa kiti cha magurudumu.

Watu wengi walisimama kumlilia akiwa hai. Wachache walikwenda kumtafuta. Mzee aliyehamia karibu na kwenu mwaka huu hajawahi kufunga mabao 9, lakini kuna kitu alichokuwa. Aulizwe sasa, angali anaweza kujibu.